Kuanza kozi ya kemia ya utangulizi mtandaoni: mwongozo kamili, kabla ya kujisajili hadi mtihani wa kwanza

Mara ya kwanza nilipojiunga na kozi ya kemia mtandaoni nilimaliza video za wiki nzima kwa jioni mbili. Nilikuwa nimejilaza, nimeongeza kasi mpaka sauti ya mwalimu ikawa kama ya katuni, na kila alichosema nilikielewa. Nikafungua jaribio la kwanza, maswali kumi. Nikapata matatu.

Swali lililoniuma zaidi lilitaka nibadili densiti ya aluminiamu, gramu 2.70 kwa sentimita ya ujazo, iwe kilo kwa mita ya ujazo. Mwalimu alikuwa amefanya swali la aina hiyo hiyo mbele ya macho yangu, nami nikiitikia kwa kichwa. Jibu langu lilikuwa 0.27. Nitalirudia swali hilo huko chini, kwa sababu ndilo lililonifundisha kwamba kemia ya kutazama na kemia ya kuandika ni vitu viwili, na mtihani huuliza ya kuandika tu. Karibu kila hatua katika mwongozo huu imetokana na hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha kozi ndiyo yenyewe

Chini ya neno "kemia" katika orodha ya masomo kuna bidhaa mbili tofauti. Kemia ya utangulizi imetengenezwa kwa mtu ambaye hajawahi kuisoma, au aliisoma zamani ikapotea. Kemia ya jumla ni ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na huanza kana kwamba atomu, moli na kusawazisha milinganyo unavijua tayari. Majina yao hufanana, kwa hiyo usiamini jina. Fungua orodha ya mada, usome za wiki mbili za kwanza. Ukikuta vizio, vipimo, hali za maada na muundo wa atomu, upo mahali pako. Ukikuta wiki ya pili tayari wanazungumzia mpangilio wa elektroni na nishati ya menyuko, ondoka taratibu utafute nyingine.

Kama unasoma ili cheti kikufikishe mahali fulani, chuo kingine au kazi, waandikie hao watakaokipokea kabla hujalipa. Waulize mawili: je, wanakubali kozi ya mtandaoni, na je, wanataka iwe na maabara? Jibu lao likae kwenye maandishi. Neno la mdomo halitakusaidia mwaka mmoja baadaye mbele ya karani mwingine.

Halafu kuna suala la mwendo. Zipo kozi zenye ratiba, kila wiki na kazi yake, na zipo za kujiendea mwenyewe. Watu wengi huvutiwa na hizi za pili kwa kuwa zinaonekana kuwa na uhuru. Maoni yangu: kama hii ni kemia yako ya kwanza, chukua yenye ratiba. Mada za kemia zimekaliana kama matofali, na asiyesukumwa huacha tofali la tatu bila saruji akaenda kuanza la nne.

Hatua ya 2: Usome muhtasari wa kozi ukiwa na kalenda mkononi

Siku ya kwanza usifungue video yoyote. Fungua muhtasari wa kozi, ile hati ndefu ambayo kila mtu huipitia juu juu. Toa humo tarehe zote za majaribio, mazoezi na mitihani, uziweke kwenye kalenda ya simu, kila moja na kengele ya siku mbili kabla. Angalia pia kila kazi ina uzito gani katika alama za mwisho. Mara nyingi utagundua kwamba mazoezi ya kila wiki, ambayo watu huyadharau, yakijumlishwa yanafikia mtihani mmoja mzima.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu mara mbili. Kwanza, mfumo unaweza kuwa unahesabu kwa saa za nchi nyingine. Tafuta kwenye mipangilio ya akaunti yako uweke majira ya mahali ulipo. Pili, 11:59 PM ya mfumo ni saa tano na dakika hamsini na tisa usiku, na 12:00 AM ya Ijumaa ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Wapo waliowasilisha kazi nzuri wakiwa wamechelewa saa ishirini na nne kwa sababu ya herufi hizo mbili.

Angalia pia masharti ya mtihani. Baadhi ya kozi husimamia kwa kamera na programu maalumu ambayo haikubali kila kompyuta, na nyingine hazikubali simu kabisa. Jambo hilo lijue leo.

Hatua ya 3: Vifaa ni vichache

Unahitaji daftari la karatasi, kalamu ya risasi na ufutio, jedwali la elementi lililochapishwa, na kikokotoo cha kisayansi cha kushika mkononi. Cha kwenye simu kinafanya kazi ileile, lakini siku ya mtihani simu itawekwa kando, na wakati huo vidole vyako havitajua kitufe kipi kiko wapi.

Kikokotoo ukishakipata, kifanyie jaribio hili. Gawa 3.011 × 10²³ kwa 6.022 × 10²³. Jibu ni 0.5, hata kwa macho unaliona. Sasa liingize kwa kubonyeza kila kitu: 3.011, mara, 10, kipeo 23, gawanya kwa 6.022, mara, 10, kipeo 23. Utapata 5 × 10⁴⁵. Kikokotoo hakijakosea. Kimegawanya kwa 6.022 peke yake, halafu kikazidisha kwa ile 10²³ ya pili, kama ulivyokiambia. Dawa yake ni kitufe kilichoandikwa EXP, EE au ×10ˣ. Ukibonyeza 6.022, EXP, 23, mashine inaipokea kama namba moja. Fanya hivyo mara kumi mpaka mkono uzoee. Kosa hili moja limekula alama za watu waliojua kemia vizuri kabisa.

Jambo la mwisho kwenye vifaa: jifunze kupiga picha ukurasa wa daftari, kuugeuza kuwa faili la PDF na kuupakia kwenye mfumo. Fanya majaribio na ukurasa wowote kabla ya kazi ya kwanza.

Hatua ya 4: Jipime hesabu kwa nusu saa

Kemia ya utangulizi haitaki hesabu nyingi, ila inazitaka zile chache zikae sawasawa. Jaribu haya bila msaada: tafuta x katika 5 = 20/x; andika 0.00047 kwa vipeo vya kumi. Zidisha 10⁵ kwa 10⁻⁸. Tafuta asilimia ya 18 katika 72. Majibu ni 4, 4.7 × 10⁻⁴, 10⁻³ na 25. Ukikwama mawili au zaidi, tenga siku tatu za kurudia sehemu, aljebra na vipeo kabla ya kuanza. Logarithimu itakuja baadaye kwenye pH, kipimo cha uasidi, isikusumbue sasa.

Hatua ya 5: Namna ya kutazama somo

Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Video ya kemia ina sehemu mbili. Kuna pale mwalimu anapoeleza wazo, atomu ina nini, kwa nini chumvi huyeyuka katika maji. Hapo tazama, sikiliza, hata ongeza kasi ukipenda. Halafu kuna pale anaposema, "Tuchukue mfano." Simamisha hapo hapo. Andika swali kwenye daftari, ulifanye mwenyewe, ukwame, ukasirike kidogo, kisha uendelee kutazama. Kama mlipishana, usifute ulichoandika. Weka mstari kando, uandike sahihi upande wa pili, ili kesho uone mahali hasa ulipochepuka.

Video ya dakika kumi na tano itakuchukua dakika arobaini kwa njia hii. Ndiyo sababu saa mbili za kozi ambazo ratiba inakuonyesha ni za uongo. Tenga sita hadi nane kwa wiki, zigawanywe katika siku nne au tano. Jumamosi moja ndefu haifanyi kazi ya siku tano fupi, kwa kuwa kichwa kinahitaji kusahau kidogo kisha kikumbushwe.

Usisome nadharia zote ndipo uanze mazoezi. Mada moja, mazoezi matano, ndipo mada inayofuata.

Hatua ya 6: Alama za elementi, na kubwa na ndogo zake

Elementi zinazojulikana ni 118. Usikariri zote. Ishirini za kwanza, kuanzia hidrojeni hadi kalisi, kwa mpangilio wake. Halafu zile zinazorudi kila wakati kama chuma, shaba, zinki, bromini, fedha, iodini, bariamu, dhahabu, zebaki na risasi. Andika alama upande mmoja wa kadi na jina upande wa pili, kadi kumi kwa siku.

Utashangaa kwamba sodiamu ni Na, potasiamu ni K, chuma ni Fe na risasi ni Pb. Hizi zimetoka kwenye majina ya Kilatini: natrium, kalium, ferrum, plumbum. Zebaki ni Hg kwa ajili ya hydrargyrum, maana yake fedha ya maji, na mtu aliyewahi kuona tone la zebaki likiviringika hatauliza kwa nini.

Sasa jambo ambalo mfumo wa kompyuta hausamehe. Co ni kobalti, metali. CO ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Hf ni hafniamu, HF ni hidrojeni floridi. Katika alama ya elementi moja, herufi ya kwanza kubwa, ya pili ndogo, daima. Mwalimu wa darasani angeona mwandiko wako akakuhurumia. Kisanduku cha majibu kinalinganisha herufi kwa herufi. Vivyo hivyo soma maelekezo ya kisanduku kuhusu namba ndogo za chini: vingine vinapokea H2O, vingine vinataka ubonyeze kitufe ili iwe H₂O. Kwenye milinganyo, angalia kama wanadai hali za maada, yaani (s) kwa yabisi, (l) kwa kimiminika, (g) kwa gesi na (aq) kwa kilichoyeyushwa katika maji.

Mapema pia kariri ioni za makundi, yaani makundi ya atomu yaliyoungana na kubeba chaji: NH₄⁺, OH⁻, NO₃⁻, CO₃²⁻, SO₄²⁻, PO₄³⁻. Hizi sita hazina njia ya mkato, na asiyezijua huteseka kuanzia siku ya kutaja majina ya kampaundi hadi mwisho.

Hatua ya 7: Vizio, na aluminiamu yangu

Turudi kwenye lile swali. Gramu 2.70 kwa sentimita ya ujazo. Nilichofanya: gramu kwenda kilo, gawanya kwa 1000, sentimita kwenda mita, zidisha kwa 100. Nikapata 0.27. Ningejiuliza swali moja tu ningejistukia. Mita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida ina karibu kilo 1.2. Kwa hesabu yangu, bonge la aluminiamu la ukubwa huo lingekuwa jepesi kuliko hewa, lingeelea dirishani likaenda zake.

Njia salama ni kuandika vizio vyote na kuvikata kama unavyokata namba kwenye sehemu:

2.70 g/cm³ × (1 kg / 1000 g) × (100 cm / 1 m)³

Gramu inakatana na gramu. Ile sehemu ya tatu imepandishwa kipeo cha 3 yote, kwa hiyo 100 inakuwa 1,000,000, na cm³ inakatana na cm³. Kinachobaki ni kilo kwa mita ya ujazo, na jibu ni 2,700 kwa mahesabu, au 2.70 × 10³ ukitaka kuonyesha tarakimu tatu muhimu. Vizio vikibaki vibaya, hesabu ni mbaya, hata kabla hujagusa kikokotoo. Mimi siku hizi huandika vizio kwanza, namba baadaye.

Kuhusu tarakimu muhimu: ni njia ya kusema kipimo chako kina uhakika kiasi gani. 0.05 ina moja, 0.0500 ina tatu, na mifumo mingi huzikataa zikibadilishana. Katika kuzidisha na kugawanya, jibu hubeba tarakimu chache kama za kipimo chenye chache zaidi. Kukadiria hufanyika mwisho, si katikati.

Hatua ya 8: Moli, mlango ambao wengi hugeukia nyuma

Kuna wiki moja, mara nyingi ya nne au ya tano, ambapo watu huanza kupotea. Ni wiki ya moli. Neno linatisha bila sababu. Kama dazeni ni kumi na mbili za kitu chochote, moli ni 6.02214076 × 10²³ za kitu chochote. Tangu Mei 2019 namba hiyo imewekwa kamili kwa makubaliano ya kimataifa, haipimwi tena. Tunaihitaji kwa kuwa atomu hazihesabiki kwa vidole, ila hupimika kwa mizani. Jedwali la elementi ndilo daraja: kaboni imeandikwa 12.011, kwa hiyo gramu 12.011 za kaboni ni moli moja.

Tuchome gesi ya propani, C₃H₈. Mlinganyo haujasawazishwa, yaani atomu za kushoto na za kulia bado hazilingani:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Anza na kaboni: tatu kushoto, hivyo CO₂ ziwe 3. Kisha hidrojeni: nane kushoto, hivyo H₂O ziwe 4. Oksijeni iache mwisho, kwa sababu upande wa kushoto imesimama peke yake na unaweza kuirekebisha bila kuvuruga wengine. Kulia sasa kuna 6 na 4, jumla 10, kwa hiyo O₂ ziwe 5:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Kamwe usibadili namba ndogo za chini ili mambo yakae sawa. Ukigeuza H₂O kuwa H₂O₂ umepata usawa wa namba lakini umetengeneza kitu kingine kabisa, peroksidi ya hidrojeni.

Gramu 15.0 za propani zitatoa gramu ngapi za maji? Njia haibadiliki: gramu kwenda moli, moli kwenda moli, moli kwenda gramu. Ukijumlisha namba za jedwali za kaboni tatu na hidrojeni nane, moli moja ya propani ni gramu 44.097, hivyo 15.0 ÷ 44.097 = 0.34016. Mlinganyo unasema propani moja hutoa maji manne: 0.34016 × 4 = 1.3606. Moli moja ya maji ni gramu 18.015, kwa hiyo jibu ni gramu 24.5. Aliyekadiria katikati, akaandika 0.3 badala ya 0.34016, anapata 21.6 na kukosa swali ambalo kemia yake alikuwa anaijua.

Usishangae kwamba maji yamezidi propani iliyoungua. Oksijeni imeingia humo.

Fanya maswali ishirini ya aina hii kabla ya kusonga mbele. Ishirini, si matano.

Hatua ya 9: Maabara

Kozi nyingine huwa na maabara ya kuigiza kwenye skrini, nyingine hutuma kifurushi nyumbani. Hata kama yako haina chochote, tumia maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder: ni ya bure, yapo ya kujenga atomu na ya kusawazisha milinganyo, na mengi unaweza kuyapakua ukayatumia bila intaneti.

Ukiwa na kifurushi, vaa miwani ya usalama tangu unapofungua chupa ya kwanza. Chombo kilichotumika kwa kemikali kisirudi jikoni. Ukipunguza makali ya asidi, tia asidi kwenye maji, polepole. Ukitia maji kwenye asidi kali, joto linaweza kuyachemsha ghafla yakakurukia. Na usijitungie majaribio kwa vitu vya usafi: dawa ya klorini ya kupaushia nguo ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikichanganyika na amonia hutoa mvuke mwingine wa sumu.

Hatua ya 10: Kuuliza ili ujibiwe

"Mwalimu, sijaelewa moli" ni ujumbe ambao hata mwalimu mwema hajui aanzie wapi. Andika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Swali la 7, zoezi la tatu. Nimebadili gramu kuwa moli nikapata 0.250. Sijui kwa nini jibu linazidisha kwa 3/2. Nimeambatisha picha ya daftari." Utajibiwa kwa mistari miwili, na mistari hiyo itatosha.

Programu zinazotatua swali ukizipigia picha zipo, na hakuna atakayekuzuia. Zitumie baada ya kujaribu, kutafuta mstari ulipokosea. Ukizitumia kabla ya kujaribu, umerudi kujilaza na kutazama.

Hatua ya 11: Wiki ya mtihani wa kwanza

Siku tano kabla, chukua mazoezi ya zamani, funika majibu, uyafanye upya kwa saa ya kengele. Siku ya mwisho usisome mada mpya. Pitia ukurasa wa makosa.

Ukurasa huo uanze tangu wiki ya kwanza, nyuma ya daftari. Kila kosa mstari mmoja: nini nilifanya, nini kilitakiwa. Baada ya mwezi utaona kwamba makosa yako hayazidi aina sita au saba, ila yanarudi kwa nguo tofauti. Wangu bado ninao. Mstari wa juu kabisa, kwa kalamu ya risasi iliyofifia, unasema: "Mita ya ujazo si sentimita za ujazo 100. Ni 1,000,000. Aluminiamu haielei."